Pikapu ya dizeli iliyotumika kwa milima yetu: Hilux, D-Max, Land Cruiser au Ranger?

Kila muuzaji wa pikapu atakuambia gari lake linavuta. Muulize linavuta nini, na linavutia wapi. Barabara ya Kyela kwenda Uyole inaanzia bondeni karibu na Ziwa Nyasa, kwenye kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, inapanda Tukuyu, na ukifika Isyonje umeshavuka mita 2,000. Ukikata hapo kwenda Kitulo unafika mita 2,600 hivi. Anayetoka Ruaha Mbuyuni na mzigo anakutana na mlima Kitonga kabla hajaiona Ilula. Anayekwenda Chunya kutoka Mbeya mjini anaanza kupanda injini haijapata moto vizuri. Mkulima wa viazi wa Njombe, mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga, mwenye tela la mchele anayetoka Mbarali, wote wanasoma matangazo yaleyale anayoyasoma mtu wa Kibaha, na wengi wanaumia hapo.

Nimeandika kwa ajili yao. Nitakazozipima kwa kirefu ni Toyota Hilux, ile ya zamani na ile tunayoiita Vigo; Isuzu D-Max; Land Cruiser 79; na Ford Ranger ya kuanzia 2011. Nissan Navara na Mitsubishi L200 nitazigusa kwa sababu zipo sokoni na watu wanaziulizia.

Mlima unaanza kula kabla ya mzigo

Injini ya dizeli isiyo na tabo inavuta hewa kama ilivyo nje. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na nguvu ya injini inapungua pamoja nayo: kadiria asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo gari lisilo na tabo likifika Kitulo limeshapoteza karibu robo ya nguvu yake hata kabla hujaweka gunia moja. Injini hiyohiyo iliyokuwa inakimbia vizuri Kyela itaanza kutoa moshi mweusi Isyonje, kwa sababu pampu bado inamwaga dizeli ya kutosha ila hewa ya kuichoma haitoshi. Mafundi wengi wanaombwa "warekebishe pampu" kwa tatizo ambalo si la pampu.

Tabo inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, kwa hiyo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Gari lenye tabo na interkula, kile kipoza hewa kinachokaa kati ya tabo na injini, litaona tofauti ndogo tu kati ya Kyela na Makete.

Chukua Hilux ya zamani yenye injini ya 5L, lita 3.0 bila tabo. Nguvu yake ya kuzungusha, ile inayoandikwa kwa Nm, haifiki 200. Huko Kitulo hesabu inakuwa karibu 150. Isuzu D-Max yenye 4JJ1, nayo lita 3.0 lakini ina tabo, inatoa zaidi ya Nm 330 kwenye toleo la kwanza na Nm 380 kwenye toleo la pili, na sehemu kubwa ya hiyo inapanda nayo mlimani. Injini zote mbili zinaandikwa "3.0 diesel" kwenye tangazo. Mnunuzi anayetazama ukubwa wa injini peke yake anaona kitu kimoja, kumbe gari moja lina zaidi ya mara mbili ya jingine pale anapolihitaji.

Ndiyo maana mtu akiniuliza pikapu ya kuvuta tela nyanda za juu kusini, swali langu la kwanza si la kampuni. Namuuliza, hiyo injini ina tabo?

Hilux ya zamani: 3L na 5L

Hii bado ni gari ya heshima, na sitaki mtu aidharau kwa hesabu niliyotoka kuitoa. 3L ni lita 2.8, 5L ni lita 3.0. Pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika, haina kompyuta ya kusumbua, na fundi wa Makambako au Ludewa anaifungua akiwa na spana zake tu. Dizeli ya kwenye dumu, ambayo wengi wetu tunalazimika kuinunua vijijini, inaivumilia kuliko injini yoyote ya kisasa. Ikikaa vizuri inaamka asubuhi ya Julai hata Njombe, mradi plagi zake za kupasha moto ni nzima.

Kazi yake ni shambani: kubeba mbolea, kupeleka vibarua, kutoa viazi shambani hadi barabarani. Ikibeba tani moja kwa gia za chini inafika, polepole. Kwa tela la kupanda Kitonga siishauri. Itapanda kwa gia ya kwanza na ya pili ikiwa na msururu wa malori nyuma yake, sindano ya joto ikipanda nayo, na injini hizi zikichemka mara mbili tatu silinda hedi inapata ufa. Nyingi zilizopo sokoni zimeshachemka. Kagua hilo kabla ya kitu kingine.

Belti ya taimingi kwenye injini hizi inabadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, vali zinagongana na pistoni, na gharama yake inaweza kuikaribia bei ya injini nyingine ya mtumba.

Vigo na D-Max: hapa ndipo uamuzi wa wengi ulipo

Mtu mwenye bajeti ya kati, anayetaka gari la kubeba tani moja na kuvuta tela mara kwa mara, mwishowe anabaki na hizi mbili. Kwa hiyo nitakaa nazo.

Vigo ilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015. Injini zake za dizeli zenye tabo ni mbili: 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0. Toyota haikuuza Hilux Japani kati ya 2004 na 2017, na kwa sababu hiyo Vigo nyingi za usukani wa kulia zinazoingia kwetu zinatoka Thailand, Uingereza na kwingineko, au ziliagizwa mpya na miradi na mashirika, zikauzwa baadaye kwa mnada. Hili lina maana kwako. Pikapu iliyoishi Uingereza imepita miaka kadhaa ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo inaila chasisi kwa ndani. Juu inang'aa, chini inamomonyoka. Ya mnada wa mradi haina kutu hiyo, ila imepita kwenye mikono ya madereva wengi na kwenye makorongo mengi, kwa hiyo tazama springi, bushi na difu, zile gia za katikati ya ekseli.

2KD zinatofautiana sana. Lipo toleo la kawaida lisilo na interkula, lenye Nm 260 au pungufu, na lipo lenye interkula linalofika Nm 343. Lenye interkula mara nyingi lina tundu la hewa juu ya boneti, lakini fungua boneti uione interkula yenyewe, maana tundu linaweza kubandikwa na mtu yeyote. 1KD ya lita 3.0 ina Nm 343 na ndiyo ninayoipendelea kwa tela. Toyota iliipa Vigo uwezo wa kuvuta kati ya kilo 2,250 na 2,500 kutegemea toleo na soko, kwa tela lenye breki zake.

Udhaifu wa injini za KD unajulikana na mafundi wote wanaozishika. Kila injekta inakaa juu ya kiringi cha shaba. Kiringi kikichoka, moshi wa mwako unapenya na kuingia kwenye oili, oili inageuka kama lami, na masizi yanakwenda kuziba chujio la pampu ya oili chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili ikiwaka, mara nyingi muda umeshapita, injini imekwama. Dawa yake si kubwa: badilisha viringi hivyo mapema, badilisha oili kwa wakati, na ukinunua gari usilojua historia yake, mwambie fundi afungue sampu atazame chujio. Nimesimama pembeni fundi akifungua sampu ya Vigo iliyosifiwa kuwa "haijaguswa". Alipitisha kidole kwenye wavu wa chujio, akakitoa kimefunikwa uji mweusi mzito, akanionyesha bila kusema neno. Zaidi ya nusu ya wavu ilikuwa imeziba. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa asubuhi hiyo.

D-Max toleo la kwanza lilianza 2002, la pili mwishoni mwa 2011. Kuwa makini na jina hapa pia, maana D-Max zina injini tofauti sana. 4JA1 ya lita 2.5 ni ya zamani, pampu ya kimekanika, imara, rahisi kutengeneza, nguvu ya wastani. 4JK1 ya lita 2.5 na 4JJ1 ya lita 3.0 ni za komonireli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote, zinaongozwa na kompyuta, na zinatumia cheni ya taimingi badala ya belti. Kwa kazi tunayoizungumza, tafuta 4JJ1. Toleo la kwanza la lita 3.0 limepewa uwezo wa kuvuta kilo 3,000 na toleo la pili kilo 3,500 kwenye masoko kama Australia.

Ukiziweka Vigo 3.0 na D-Max 3.0 pamoja kwenye mlima mmoja, zote zikiwa na gunia kumi nyuma na tela, tofauti utaisikia mguuni. D-Max inashika mzunguko wa chini vizuri zaidi. Unaweza kubaki gia ya tatu pale ambapo Vigo inaomba ya pili. 4JJ1 ina undugu na injini ambazo Isuzu inaziweka kwenye malori yake madogo, na tabia hiyo inaonekana: haina haraka, ila haikati tamaa. Springi zake za nyuma ni ngumu, tupu inarukaruka sana kwenye barabara ya vumbi ya Makete, ikipakiwa inatulia.

Vigo inashinda kwenye mambo mawili ambayo si madogo. La kwanza ni spea. Mwanjelwa, pale Mbeya, utapata kifaa cha Hilux asubuhi, mchana umeshaondoka. Cha D-Max utakipata pia, lakini baadhi ya vitu, hasa vya umeme na vya bodi, utaambiwa usubiri basi la Dar es Salaam. La pili ni kuuza. Hilux ukiitangaza leo inaulizwa leo. D-Max ya hali ileile itakaa zaidi na itashushwa bei. Lakini geuza hilo upande wako: wewe ndiye mnunuzi. Pesa inayokupa Vigo iliyochoka inaweza kukupa D-Max ya miaka ya karibuni zaidi, yenye kilomita chache zaidi.

Kwa mtu anayevuta tela kila wiki kwenye lami ya milima, mimi nachagua D-Max 3.0. Kwa anayebeba zaidi ya kuvuta, na anayejua kwamba baada ya miaka miwili au mitatu ataliuza gari aongeze mtaji, nachagua Vigo 3.0, sampu ikishafunguliwa.

Zote mbili zina adui mmoja, dizeli chafu. Komonireli inasukuma dizeli kwa presha inayozidi mara elfu moja ya presha ya hewa ya kawaida, kupitia matundu membamba karibu kama unywele. Maji kidogo au mafuta ya taa yaliyochanganywa yanatosha kuua injekta, na injekta nne mpya ni pesa ya kununulia pikipiki. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, na hali ya vituoni ni bora kuliko zamani. Dumu la kijijini ni habari nyingine. Kama shamba lako liko mbali na kituo, jaza tangi mjini, beba dumu lako mwenyewe safi, na badilisha chujio la dizeli kabla ya muda ulioandikwa.

Land Cruiser 79

Injini ya 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, haina tabo, Nm 285 kwa mzunguko wa chini. Msomaji makini ataniuliza: si umesema zisizo na tabo zinapoteza robo Kitulo? Ndiyo, na hii nayo inapoteza. Inabaki na kama Nm 215, ambazo ni pungufu ya D-Max. Ukizishindanisha kupanda Isyonje kwa lami, D-Max itaipita.

Unanunua 79 kwa sababu nyingine. Chasisi yake, ekseli nzima ya mbele, giaboksi na difu vimetengenezwa kwa mzigo ambao pikapu nyingine zinabeba kwa kujikaza. Tela la kilo 3,500 haliitikisi kwa nyuma. Barabara ya matope ya Machi kuelekea vijiji vya Makete au Ludewa, ambako D-Max inavutwa na trekta, hii inapita na mzigo wake. Na injini ni ya kimekanika: pampu, nozeli, oili, maji, basi. Kuna 1HZ zilizotembea kilomita laki tano na zaidi ambazo bado zinafanya kazi kila siku.

Gharama yake ni bei ya kununulia, ambayo iko juu kuliko zote hapa, na dizeli. Kwenye lami bila mzigo tegemea kilomita 7 au 8 kwa lita. Ukiweka mzigo na mlima inashuka. Vigo na D-Max zikiwa tupu zinafika 10 au zaidi. Mtu anayekwenda Makambako na kurudi kila siku kwa lami akinunua 79 anachoma pesa bila sababu. Mwenye mashamba porini, kambi ya uchimbaji Chunya, au kazi ya kuvuta matrekta madogo na mashine za kupasulia mbao msituni Mufindi, huyo gari litamlipa.

Jambo moja la kuepuka: 1HZ iliyofungwa tabo mtaani. Wapo wanaoifunga ili ipande mlima kwa kasi. Injini hii haikuundwa kwa joto hilo. Vyumba vya mwako na silinda hedi vinapasuka. Ukiona mabomba ya tabo kwenye 1HZ, ondoka.

Ranger, halafu Navara na L200

Kwa nguvu tupu, Ranger ya 3.2 yenye silinda tano ndiyo inayoongoza kati ya hizi: Nm 470, na uwezo wa kuvuta kilo 3,350 hadi 3,500. Hata ya 2.2 ina Nm 375. Ndani ni nzuri kuliko nyingine zote, na kwa sababu soko letu linaiogopa, bei ya mtumba inashuka haraka. Kwa anayehesabu Nm kwa shilingi, hakuna ya kuikaribia.

Uoga wa soko una msingi. Kipoza cha EGR cha 3.2, kile kinachopoza moshi unaorudishwa ndani ya injini, kinaweza kuvuja maji ya rejeta yakaingia kwenye injini, kwa hiyo gari linalopungua maji bila kudondosha chini ni la kukimbiwa. Halafu kuna suala la kumwaga oili ambalo mafundi wengi hawalijui: injini hizi za 2.2 na 3.2 hazitakiwi kuachwa muda mrefu bila oili wakati wa sevisi. Fundi akimwaga asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi kujaza, pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena na injini ikaua vyuma vyake ndani ya dakika chache. Oili mpya iwe imeshafunguliwa pembeni kabla ya kumwaga ya zamani, na ijazwe ndani ya dakika kumi. Nunua Ranger kama una fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake, unayemjua kwa jina, na una akiba ya pesa baada ya kununua. Kama akiba hiyo haipo, iache.

Navara D40 ya lita 2.5 ina nguvu ya kushangaza, Nm 403, lakini cheni yake ya taimingi inachoka. Sikiliza mlio wa kukwaruza upande wa mbele wa injini ikiwa baridi. L200 ya 4D56 inakata kona vizuri kwenye barabara nyembamba na inabeba vya kutosha, ila ina belti ya pili ndogo ya kutuliza mtikisiko, na hiyo ikikatika inaweza kuingia kwenye belti ya taimingi na kuleta maafa. Zibadilishwe zote mbili pamoja, siku uliyonunua.

Kilo zako halisi

Gunia la viazi kisheria halipaswi kuzidi kilo 100. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inazidi, na kila mtu wa Njombe na Isyonje anajua inazidi kwa kiasi gani siku ambayo mnunuzi ndiye anayeshona gunia. Kumi za kilo 100 ni tani moja, na hapo pikapu ya kawaida imeshajaa. Kumi za lumbesa zinaweza kuwa tani moja na robo au zaidi, na hapo gari limezidishwa kabla hujafunga tela. Mbao nazo zinadanganya: paini mbichi iliyotoka kupasuliwa inaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya ileile ikishakauka. Tela lililobeba mbao kavu bila shida wiki iliyopita linaweza kuwa hatari leo kwa idadi ileile ya mbao.

Uwezo wa kuvuta ulioandikwa na kampuni unahesabiwa kwa tela lenye breki zake. Kwa tela lisilo na breki, watengenezaji wengi wanaishia kilo 750. Matela mengi yanayochomelewa kwetu hayana breki kabisa. Kwa hiyo mwenye D-Max ya "kilo 3,500" na tela la kuchomelea lisilo na breki ana gari la kilo 750, na ni lazima alijue hilo kabla ya mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi kumfundisha. Ukiagiza tela litengenezwe, dai breki. Mwambie mchomeleaji aweke ekseli ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ilale kwenye chuma cha kuvutia. Likiwa zito nyuma, litaanza kuyumba ukishika kasi.

Kwenye kushuka, injini isiyo na nguvu na yenye nguvu zote zinategemea gia. Nyingi ya pikapu hizi zina breki za ngoma nyuma, na ngoma zikipata moto zinaacha kushika. Kitonga unaishuka kwa gia ambayo ungeipandia, na unaishika gia hiyo ukiwa bado juu.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi na mapema, bila kupiga simu dakika za mwisho. Kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, gari limeshaamshwa ili usione linavyoamka. Sema utarudi kesho. Muuzaji mkweli atakubali, asiyetaka atakuambia, "Kaka, kuna mteja mwingine anakuja saa nne."

Injini ikiwa baridi, iwashe mwenyewe na mtu asimame nyuma. Moshi mweupe unaoisha baada ya muda mfupi kwenye baridi ya Mbeya si kitu. Ukiendelea, ni injekta au mgandamizo. Wa bluu ni oili. Mweusi kidogo ukikanyaga kwa nguvu kwenye injini isiyo na tabo, huku juu, ni hewa ile niliyoieleza.

Lala chini ya gari. Tazama chasisi nyuma ya kebini na pale springi za nyuma zinaposhikiliwa. Nyufa na alama za kuchomelea zinaanzia hapo kwa gari lililovuta na kuzidishiwa. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa. Angalia chuma cha kuvutia tela kimefungwa wapi. Kinatakiwa kushika mihimili yote miwili ya chasisi kwa bolti. Kilichochomelewa kwenye bampa kitang'oka.

Kisha lipandishe mlima, na mzigo ukiwezekana. Ipogolo kupanda Iringa mjini kunatosha kwa walio Iringa. Mbalizi kurudi Iwambi kwa walio Mbeya. Katikati ya mlima, gia ya tatu, kanyaga hadi mwisho. Mzunguko wa injini ukipanda na mwendo usiongezeke, klachi imekwisha. Tazama sindano ya joto mpaka juu. Ukifika, simamisha, acha injini ikiunguruma, na minya bomba la juu la rejeta kwa kitambaa: likiwa gumu kama jiwe na kuna mapovu kwenye tangi la akiba, gasketi ya hedi imeondoka. Jaribu foo wili, ya juu na ya chini. Difu inayolia ukiachia mafuta inahitaji pesa.

Karatasi usiziache kwa dalali. Namba ya chasisi na ya injini zisomwe kwenye chuma na kulinganishwa na kadi. Hilux za zamani hasa zimebadilishwa injini sana, na injini isiyolingana na kadi itakusumbua TRA wakati wa kuhamisha umiliki. Angalia faini za usalama barabarani zinazodaiwa kwa namba ya gari. Lipa aliyeandikwa kwenye kadi, au mwenye barua ya kisheria kutoka kwake.

Weka pembeni pesa ya wiki ya kwanza tangu mnapopatana bei, usiihesabu kama sehemu ya kununulia. Kwa 3L, 5L, 1HZ, Vigo na L200, belti ya taimingi na vibeba belti vyake, hata kama muuzaji ameapa kuwa ilibadilishwa mwaka jana. Kwa zote, oili ya injini, giaboksi na difu, machujio yote, maji ya rejeta yenye dawa yake, na mafuta ya breki, ambayo yakizeeka yanachemka kwenye mteremko na pedali inazama hadi chini. Kwa Vigo, viringi vya injekta. Tela lisubiri mpaka hayo yaishe.